Wimbo Usio na Maiti

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu ya miaka ile ya hamsini bado inaniuma. Nilikuwa karani mjini, nikikaa Waithaka kwa mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Sisi tuliotoka magharibi mwa nchi tulikuwa na kikundi cha kuwafundisha watoto nyimbo za nyumbani, maana walikuwa wanakua hawajui hata moja. Basi ofisi moja ya ustawi ikatangaza ruzuku kwa vikundi kama chetu. Niliandika barua siku hiyo hiyo. Ruzuku tuliipata, sisemi hatukuipata. Lakini kwanza Mzungu wa ofisi ile alitaka asikie wimbo mmoja wa kale.

Wa kale kweli ulikuwa mmoja tu, wa kumwombolezea kijana, na aliyeujua wote ni huyo mama mdogo peke yake. Kwetu wimbo huo hauimbwi ovyo. Ukiuimba pasipo msiba, unaita msiba.

Nilipomwomba auimbe, "Nani amekufa?" akaniuliza, huku anachambua mboga.

Wiki nzima sikutulia. Naenda kazini, narudi, namzunguka jikoni kama inzi. Siku ya mwisho kabla ya kwenda kwa Mzungu uvumilivu ukaniishia, mdomo ukaniponyoka: "Si umlilie yule wa Burma?"

Yule wa Burma ni mwanawe. Alikwenda vitani, hakurudi, wala barua haikuja. Vita vilikwisha zamani, na mama alikuwa hajamlilia hata siku moja, kwa sababu anayeliliwa amekufa. Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akamaliza kuchambua mboga zake.

Asubuhi nilimkuta ameshavaa, kitambaa kichwani. "Twende," akasema.

Katika ukumbi mjini aliimba amesimama, mikono kichwani, wanavyosimama waliofiwa. Alimtaja mwanawe kwa jina. Mpiga ngoma wetu aliacha kupiga, akalia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namtazama Mzungu usoni.

Akatabasamu. "Safi sana! Mwambie arudie, nilichelewa kuwasha mashine ya kunasa sauti."

Nikageuka. "Mama, anasema umlilie tena."

"Muulize," akasema mama, "mwanangu amekufa mara ngapi?"

Nikamtafsiria Mzungu kwamba mama anaomba maji kwanza. Maji yakaletwa, mashine ikawashwa, naye akaimba.