Ubao wa Wagumu

Aliyemtazama Geresom Mugweri, macho yake yalianzia kwenye miundi ya miguu yake. Ilikuwa na makovu na mabonde kama gogo la muuza nyama, naye alizoea kuipapasa akifikiri, kama wengine wapapasavyo ndevu. Alikuwa mpakiaji wa magunia kiwandani Jinja, mkazi wa Masese, na kwa miaka tisa beki wa kati wa klabu ya Mawimbi.

Jumatano ile, mwaka 1974, wanajeshi wakiitawala nchi, alikuwa akiipapasa kwa hasira.

Katika chumba cha kubadilishia nguo cha Mawimbi kulikuwa na ubao mrefu wa mvule wa kukalia. Mchezaji aliyemaliza mechi huku wenzake wakimsihi atoke, jina lake lilichomwa pale kwa msumari wa moto. Si kocha wala mwenyekiti aliyeamua. Ni wachezaji wenyewe. Kwa miaka kumi na miwili yalikuwapo majina matatu tu. La kwanza lilikuwa la Odero, kipa, aliyedaka kipindi kizima vidole viwili vikiwa vimevunjika. La pili lilikuwa la Geresom. La tatu lilikuwa la Burhan.

Burhan alivunjwa mtulinga dakika ya ishirini, wakicheza na timu ya jeshi. Akafungwa mkono kifuani kwa soksi, akarudi uwanjani, akafunga bao kwa kichwa. Wiki tatu baadaye gari lisilo na namba lilimchukua karibu na Kimaka, palepale Jinja, mchana kweupe. Hakuna aliyetaja kosa lake. Hakuna barua, hakuna kaburi. Mama yake, huko Namakwekwe, Mbale, alizungushwa ofisi hata ofisi mpaka ndara zikaisha visigino. Jina la mwanawe lilikuwa limebaki kuandikwa mahali pamoja tu: juu ya ubao ule.

Sasa mbele ya ubao alisimama Kapteni Romano, mwenyekiti ambaye hakuchaguliwa na mtu. Aliletwa na barua kutoka juu. Kitambi kilikuwa kimemtangulia, na mkononi alishika randa ya seremala.

"Hii jina ya Burhan, toa," alisema. "Andika Romano. Mimi nilipiga penalti ile siku, nyinyi yote mliona."

Waliona, naam. Ilikuwa mechi ya kirafiki, Kapteni alicheza dakika kumi na mbili, na kipa wa wageni alijitupa upande wa pili hata kabla mpira haujapigwa. Walipiga makofi kwa sababu walinzi wa Kapteni walikuwa wakitazama nani hapigi.

"Wewe Mugweri, shika randa."

Damu ilimchemka Geresom. Kumwiba mtu hakukuwatosha. Sasa walitaka kuiba hata maumivu yake! Aliipokea randa, akaiweka sakafuni.

"Afande, desturi ya ubao ni dakika tisini. Penalti haihesabiwi."

Odero akakohoa, akasema kwa upole uliozidi kipimo: "Tumhurumie afande, ndugu yangu. Jumamosi tunacheza Mbale, na lile jua si la watu wakubwa."

"Nani anasema mimi naogopa jua?" Kapteni alifoka. "Jumamosi mimi nacheza namba tisa. Dakika yote tisini! Nikimaliza, huyu Mugweri atatoa hiyo jina kwa mkono yake."

"Na usipomaliza, afande?"

"Inabaki! Mimi mwanajeshi. Sisemi mara mbili."

Wachezaji kumi na sita walisikia. Walinzi walisikia pia. Kabla ya Ijumaa, madereva wa malori walikuwa wameshaifikisha habari Namakwekwe.

Jumamosi uwanja wa Mbale ulijaa mpaka juu ya ukuta. Alfayo, beki wa wenyeji, alimvuta Geresom kando.

"Kaka, mimi nina watoto. Nikimgusa yule bwana, leo nitalala wapi?"

"Usimguse. Asiguswe na mtu. Sisi tutampa mpira, kila mpira, hatua kumi mbele yake. Ninyi mwacheni akimbie."

Alfayo alimkodolea macho, kisha akachekea puani. Geresom hakucheka. Ilimuuma kwamba katika nchi yao haki ililazimika kujificha ndani ya pasi, kana kwamba ndiyo iliyokuwa mwizi.

Kipindi cha kwanza Kapteni alikimbia kwa kelele. "Leta! Leta hapa!" Wakamletea. Cha pili kilipoanza, kelele zilikuwa zimekwisha na jezi imemganda mgongoni. Dakika ya sitini alisimama katikati ya uwanja, mikono magotini, akayatazama mabenchi ya wachezaji wa akiba kama mwenye kiu atazamavyo mtungi.

"Bado nusu saa, afande!" Odero alipaza sauti kutoka golini. "Unaendelea vizuri!"

Pembeni mwa mstari, mama yake Burhan, aliyekuwa ameketi tangu filimbi ya kwanza, aliinuka. Namakwekwe nzima ikainuka pamoja naye, bila neno.

Mpira ukamjia Geresom. Akautuliza, akainua macho, akampa Kapteni pasi nyingine, hatua kumi mbele.