Jirani Yangu na Malisho ya Kwao

Kwetu sisi ni wilaya moja huko ndani, nyuma ya milima, ambako mie sijalala hata usiku mmoja. Nimezaliwa Unguja, nimekulia Maskati, na kila nilipoulizwa ofisini kwamba kwetu ni wapi, nilitaja wilaya hiyo bila ya kupepesa macho. Babangu aliporudi huku Maskati kutoka Unguja alikwenda kwa sheikh wa kabila, akahojiwa nasaba yake, babu kwa babu, na sheikh akamshuhudia kuwa ni mtu wao. Hakuulizwa anaishi wapi. Huku ndivyo ilivyo: wilaya yako ni ya kabila lako, hata kama njia ya kwendea huijui.

Sikuona ajabu yoyote katika mambo haya mpaka miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilipopata jirani mpya, mwanamke mwenzangu, mtaani kwetu Darsait. Mie nilikuwa karani bandarini, na yeye alikuwa akitengeneza tambi za kuvuta kwa mkono katika mkahawa mmoja Hamriya. Jengo zima lilimwita Mchina, naye akikasirika. "Mimi Mmongolia," alikuwa akisema. "Wa China, lakini Mmongolia." Watu wakacheka, na kesho yake wakamwita Mchina vile vile.

Tulianza kwa Kiarabu cha dukani. Kiswahili akakiokota kwetu, ngazini na majikoni. Siku moja nikamuuliza kwao khasa ni wapi. Akachukua sufuria zangu, akaanza kuzitia moja ndani ya nyingine. Ile kubwa kabisa ni mkoa wao, Mongolia ya Ndani, unaojitawala kwa jina la Wamongolia. Ndani yake mna aimagi kadhaa, ndiyo majimbo yao. Ndani ya aimagi mna bendera.

"Bendera?"

"Ndiyo, kama wilaya yenu. Zamani askari wa kila upande walikuwa na bendera yao. Askari wamekwisha, jina limebaki."

Ndani ya bendera mna tarafa, na ndani ya tarafa akatia kisufuria changu cha kuchemshia maziwa: hiyo ndiyo gacha, yaani kijiji, ijapokuwa nyumba zenyewe hazionani. "Mimi wa hapa," akasema, akakigonga kwa kijiko.

"Haya, na sheikh wenu anakaa sufuria gani?"

Akasema hawana sheikh, wana mkuu wa gacha. Na gacha ndiyo yenye malisho. Kila nyumba imepewa sehemu yake, maadamu yupo mtu wa nyumba hiyo aliyeandikwa hapo.

Mtihani wake ulikuwa hapo. Ili apate pasipoti upesi, alikwishahamisha jina lake kutoka gacha kwenda mjini. Alidhani atalirudisha akitaka, kama mtu anavyohama chumba. Kisha babake akafa, akabaki mamake, mgonjwa wa kifua, yeye peke yake ndiye aliyeandikwa kwenye nyumba ile. Mama naye akifa, malisho yanarudi gacha, wanagaiwa wengine. Kondoo, banda, kisima, vyote basi.

"Mwendawazimu wewe," nilimwambia. "Mtu anauza kwao kwa pasipoti?"

"Wewe kwenu hukujui," akanijibu, "na unaambiwa ni kwako. Mimi kwetu nakujua jiwe kwa jiwe."

Lilikuwa neno la kweli, na liliniudhi.

Basi akahangaika kulirudisha jina lake gacha. Kila Ijumaa alinunua kadi ya simu, akapiga. Mkuu wa gacha hakuwa na neno, alimjua tangu mtoto. Lakini lazima na tarafa ikubali, kisha bendera. Na tarafa yao ilikuwa imeunganishwa na ya jirani, ofisi imehamia mbali, kwa watu wasiomjua. Hao wakamjibu kwamba yeye ni mtu wa mjini. Mara aimagi yenyewe ikabadilishwa, ikaitwa mji, na nyika zake zote na ngamia wake. "Sasa hata mama ni mtu wa mjini," alisema, akacheka mpaka akafuta machozi. "Ila mimi ni wa mji usiofaa."

Nilimtia moyo kama tunavyotiana moyo: subira, Mungu mkubwa. Kusema kweli niliona hapati kitu.

Ijumaa moja akaja jikoni kwangu moja kwa moja kutoka kwenye simu. Akashika kisu, akaanza kukata vitunguu vyangu bila ya kuombwa.

"Mama kapata mtoto," akasema.

"Ala! Bibi kizee yule?"

Akanieleza. Mamake alichoka kungoja. Kamchukua binti wa jirani, kamwandikisha nyumbani kwake awe mwanawe. Mkuu wa gacha kashuhudia, tarafa imekubali. Malisho sasa hayaendi popote. Mama alikuwa na furaha kwenye simu; kasema binti ni hodari, kondoo anawajua, na kapewa kile kitanda kilichokuwa kitupu.

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia ahsante."

Nilipandwa na hasira, wallahi, juu ya mwanamke nisiyewahi kumtia machoni. Nikasema maneno ambayo hapa sitayaandika. Jirani yangu akanikatiza: mamake kafanya sawa, kondoo hawawezi kungoja maafisa. Akaendelea na vitunguu.

Mwaka uliofuata akapata likizo, nikamsindikiza sokoni Matrah. Akamnunulia mamake udi na halua. Kisha akasimama muda mrefu kwenye duka la vitambaa, akachagua kimoja cha gauni, cha rangi ya machungwa, kizuri kuliko chochote alichowahi kujinunulia mwenyewe.

"Na hiki cha nani?" nikamuuliza.

"Cha yule binti."

"Yote haya ya nini, shoga? Si unakwenda kwenu?"

Akakikunja kile kitambaa vizuri, akakitia mfukoni.

"Siwezi kwenda mikono mitupu," akasema. "Nakwenda kwa watu."