Fundi Bomba na Tumbawe la Mkewe

Miaka kumi na tisa mke wa Fundi Bomba alipika kwenye mashua ya matanga inayopeleka wageni kutazama matumbawe. Miaka hiyo hiyo kumi na tisa alimwambia mumewe, "Twende siku moja ukaone." Fundi akajibu, "Wiki ijayo." Si kwamba hakutaka. Kila wiki kulikuwa na bomba la mtu limepasuka, na maji hayana adabu, hayangoji.

Mke alikuwa na tumbawe lake. Kubwa, la mviringo, lenye mikunjo kama ubongo. Wageni wakijilaza baada ya chakula, yeye hufunika sufuria zake, huvaa miwani ya maji, huenda kulisalimia. Alisema ubavuni mwa tumbawe hilo anakaa samaki mweusi, hazidi kiganja, anayesimama mlangoni pake na kumfukuza kila apitaye, awe samaki, awe mtu.

"Kama wifi yangu kabisa," alisema.

"Yaani dada yangu umemtia mpaka baharini?" Fundi akacheka. "Samaki wa kiganja akufukuze wewe? Hapo mpishi umezidisha chumvi."

"Njoo ujionee."

Hakwenda. Mwaka jana mke aliugua siku nne. Ya tano hakuwepo.

Kisha nahodha wa mashua akaja nyumbani. Alimwita marehemu dada, kwa hiyo Fundi alikuwa shemeji yake. "Shemeji, mwisho wa mwezi mashua inahamia bandari ya mbali. Hii ndiyo safari ya mwisho huku. Siku tatu. Njoo kama mgeni, mikono mitupu. Begi la vifaa liache."

Fundi alikwenda na begi la vifaa.

Ndani yake mlikuwa na kitu alichokitengeneza mwenyewe. Alikuwa amepewa mrija wa kupumulia, ule unaobanwa kwa meno mtu akiogelea kifudifudi, akauona mfupi. Mtu aliyefunga mabomba ya majumba ya ghorofa sita, apewe kijibomba cha shubiri moja na nusu? Alikata bomba la plastiki refu kama yeye mwenyewe, akaunga, akazungushia tepu nyeupe. Akalijaribu kwenye pipa la uani, kichwa kikazama, akapumua vizuri tu. Kazi safi. Kwa bomba hilo angeshuka mpaka kwenye tumbawe, atazame, amalize neno.

Walifika asubuhi, maji yamejaa. Nanga ilishushwa kwenye mchanga. Aliyeongoza wageni majini alikuwa msichana mwenye mabega mapana. Mabaharia walimwita Mwogeshaji, naye alilizoea jina. Alimwonyesha Fundi mahali. "Tumbawe la mama ni pale. Ila saa hizi liko chini sana."

Fundi akatazama kutoka juu. Aliona buluu, na ndani ya buluu kitu kama kivuli. Macho yake yalikuwa ya uzee.

Akatoa bomba lake.

"Mzee, hilo linapeleka maji nyumba gani?" Mwogeshaji akauliza.

"Linaleta hewa, binti yangu. Tazama na ujifunze."

Akashika kamba ya nanga, akajivuta chini. Kichwa kikazama, sawa. Kifua kikazama, na hapo mambo yakabadilika. Akavuta pumzi, isije. Akavuta tena. Ilikuwa kama mtu mnene amemkalia kifuani. Alirudi juu haraka, anakohoa, na bomba likaelea peke yake huku Mwogeshaji amemshika kwapani.

Mabaharia walicheka mpaka wakashikana. Fundi hakukasirika. Alipanda ngazi, akaketi, akaligeuzageuza bomba kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Amesahau presha," alisema. "Kwenye pipa nilizamisha kichwa tu. Kifua kilikuwa juu."

"Shemeji, ungetufia hapa," nahodha alisema.

"Ningekufa, lakini maungio yasingevuja."

Akatoa msumeno, akalikata vipande vitatu ili mtu mwingine asilijaribu. Kisha akauliza, "Maji yanapungua mpaka wapi?"

"Saa nane mchana, juu ya tumbawe yanafika kiunoni tu," Mwogeshaji alisema.

"Basi nitangoja. Ukizidiwa na presha, unafunga maji, unakaa. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua."

Nahodha akakuna kichwa. "Shemeji, saa nane sitakuwa hapa. Maji yakipungua mashua italalia matumbawe. Na wageni nimewaahidi kisiwa, tukitoka huku haturudi tena."

Fundi akaweka msumeno chini. Aliliona jambo lilivyo: leo, au basi. Bandari ya mbali isingekuwa na tumbawe hili.

"Dada yako alikuwa akienda saa ngapi?" akauliza.

"Hivyo hivyo, maji yakipungua."

"Na mashua ilikuwa wapi?"

Nahodha akatazama miguu yake. Kisha akacheka kidogo. "Nje, kwenye kina. Alikuwa akiniambia, nyie subirini, hampiki nyie."

"Enhe."

"Haya. Tutatoka kwenye kina, wageni wale polepole. Mwogeshaji atakupeleka kwa kihori, mtumbwi wetu mdogo. Kisiwa kitatungoja, hakina miguu."

Zilibaki saa tano. Fundi akaingia jikoni mwa mashua. Palikuwa padogo, mtu akigeuka anagusa pande zote. Bomba la sinki lilikuwa linadondoka, limefungwa kitambaa. Kitambaa alikijua: kilikatwa kwenye gauni la kijani la mkewe. Mke alikuwa amemwambia habari za bomba hilo, miaka mingi, na jibu lilikuwa lile lile.

Akafungua begi. Akabadilisha mpira wa ndani, akakaza. Kitambaa akakikamua, akakitia mfukoni.

Saa nane alishuka kutoka kwenye kihori na mrija mfupi, ule wa shubiri moja na nusu. Akalala kifudifudi. Hewa ikaja bila shida.

Tumbawe lilikuwa pale, karibu na pua yake, la rangi ya kahawia, lenye mikunjo kama ubongo. Samaki wa manjano walipita kwa makundi. Hakuligusa, alishaonywa kuwa lina uhai. Akalizunguka taratibu mpaka ubavuni.

Samaki mweusi akatoka. Hakuzidi kiganja. Akasimama, akamtazama Fundi, kisha akamjia moja kwa moja na kugonga kioo cha miwani. Akarudi nyuma, akagonga tena.

Fundi alicheka ndani ya mrija, akanywa maji ya chumvi, akainua kichwa akitema.

"Vipi, mzee?" Mwogeshaji akauliza kutoka kwenye kihori. "Umemwona?"

"Amenifukuza!" Akafuta macho, ingawa maji yalikuwa kila mahali. "Kumbe hakuzidisha hata punje."

"Basi panda. Siku nyingine, ukija bandari mpya, nitakuonyesha na wengine. Hata wiki ijayo."

"Leo," alisema Fundi, akauma tena mrija. "Maji hayajarudi."