Bibo Lililong'atwa

Loveness wa makumbusho ya Masasi hakuwa mtu wa kukaa kitako. Mara yuko mlangoni na fagio, mara yuko ndani anapangusa vioo, mara anawatembeza wageni huku akicheka na ule mwanya wa meno yake ya mbele. Wageni walipenda kuanzia kwenye michoro ya mimea, ile aliyoichora Sista mmoja wa Kizungu zamani za misheni kule Lulindi. Ming'oko, mibura, mitopetope, yote kwa rangi za maji, mpaka vinyweleo vya jani unaviona.

Mchoro wa mkorosho ndio uliochekesha watu. Tawi lina mabibo mawili mekundu, moja zima, jingine limeng'atwa. Kibao chake kilisema limeliwa na kima. Loveness naye, miaka nenda miaka rudi, akawa anawaambia wageni hivyo hivyo.

Sasa wanafunzi wa Lulindi si wakatembelea makumbusho! Wakarudi na habari, zikamfikia Bibi Ethel, mama mzazi wa Loveness. Weee! Loveness alipokwenda kumsalimia alikuta uso umefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe nimezaa mtoto, mtoto mwenyewe ananiita kima."

"Mama jamani!"

"Lile bibo nimeling'ata mimi! Nilikuwa msichana, nimeshikishwa tawi la kuchorwa tangu asubuhi, nisitikisike, njaa inaniuma. Sista alipokwenda kusali nikalipiga jino. Aliporudi akalitazama, akacheka, akalichora vile vile. Nimekuambia tangu mdogo. Hukuniamini, sivyo?"

Kweli, hakuamini. Alidhani ni porojo za mama. Sasa roho ikawa juu juu. Kiti kinamchoma, akifagia anafagia palepale. Maana Ijumaa gari lilikuwa linakuja kuichukua michoro ikatengenezwe Dar es Salaam, na vibao vipya vitachapishwa hukohuko. Kikichapishwa cha kima, basi, mama atakufa na kima wake.

Akamwendea mhifadhi, Fakihi, mtu wa Newala, mpole lakini mbishi huyo, hana mfano.

"Mama Isaka," Fakihi akamwita Loveness kwa jina la mwanawe, "Lulindi kila nyumba ina hadithi yake. Nipe ushahidi."

Ijumaa asubuhi Loveness akamkodia mama bajaji. Bibi Ethel akaja na kikapu cha mabibo, kwani huendi kwa watu mikono mitupu. Walipofika, vijana waliokuja na gari walikuwa wameshaanza kufunga michoro kwa magodoro. Loveness akapiga kelele, "Huo wa mkorosho bado! Uacheni!"

"Shikamoo, bibi," akasema Fakihi.

"Marahaba, mwanangu." Bibi akausogelea mchoro, akautazama kitambo. "Ndilo," akasema.

"Haya bibi, tuonyeshe hayo meno basi," Fakihi akatania.

Bibi wa watu akafungua kinywa. Hakuna hata jino moja. Vijana wakaangua kicheko, na Fakihi naye akashindwa kujizuia. Bibi Ethel akafunika mdomo kwa ncha ya khanga, akatazama chini.

Hapo Loveness akapandwa na mori. Alimwonea mama yake uchungu, na yeye mwenyewe akajichukia. Akatwaa bibo kikapuni, akaling'ata kwa hasira, maji yakamchuruzika kidevuni.

"Mama Isaka, usiniharibie mchoro!"

"Sikuharibii. Tazama!"

Akaliinua bibo karibu na kioo cha mchoro. Katikati ya pengo palikuwa na kigongo chembamba cha nyama kilichobaki, pale mwanya wa meno yake ulipopita. Kwenye mchoro kilikuwepo kilekile, Sista amekichora hakuacha kitu. Kicheko kikakatika. Fakihi akatazama bibo, akatazama mchoro, akatazama kinywa cha Loveness.

"Huo mwanya umeutoa wapi?"

"Muulize aliyenizaa."

Fakihi akabandua kibao cha kima, akakitia mfukoni. Akatoa kalamu. "Nisamehe, bibi. Niandike nani?"

Bibi Ethel akamgeukia mwanawe. "Sema wewe. Si wewe uliyekuwa unawaambia wageni?"

Loveness akajipangusa kidevu. Akasema kwa nguvu, mpaka dereva nje akasikia.

"Limeng'atwa na Ethel binti Yoeli, wa Lulindi. Mama yangu."