Koti la Mtumba Kwenye Mteremko wa Chome

Miaka ile mafuta yalipokuwa adimu, lori liliacha kupanda Chome, na sisi vijana tukawa tunateremsha ndizi za wazazi wetu kwa matoroli ya mbao. Hata magurudumu yalikuwa ya mbao, na grisi yetu ilikuwa parachichi lililoiva. Jumamosi, mzigo ukiisha, tulishindana kutoka kanisani hadi darajani. Ulikuwa mteremko mtupu, na kona moja mbaya kando ya shamba la maharage.

Mwamuzi alikuwa dereva wa lile lori, mzee aliyekosa kazi kwa kukosa mafuta. Ndiye aliyetufundisha mambo ya upepo.

"Anayetangulia ndiye anayepasua upepo," alisema. "Wewe jibanze nyuma yake, ukishapata mwendo, chomoka!"

Basi tukawa tunaovatekiana njia nzima, na watu wakashangilia hadi sauti zikawakauka.

Aliyeharibu utamu ni fundi cherehani wa kijijini. Alipigilia kipande cha bati nyuma ya toroli lake, kimelala mshazari, ukingo wa nyuma ukiwa juu, ili upepo ulikandamize toroli chini. Kwenye ile kona sisi sote tuliishia kwenye maharage. Yeye alipita kama amegundishwa barabarani. Jumamosi iliyofuata kila toroli lilikuwa na bati, na vyoo kadhaa vya kijiji havikuwa na paa.

Tulikimbia ajabu. Lakini hakuna aliyempita mwenzake! Bati la mbele liliuvuruga upepo, na kila ukimsogelea aliyetangulia, toroli lako linayumba kama limelewa. Tukateremka kwa foleni, kimya, kama tunakwenda kuzika. Watazamaji wakarudi nyumbani kuchambua mboga.

Mwamuzi akapandwa na hasira. "Kuanzia leo bati marufuku! Na kila mtu aketi wima, wa nyuma apate pa kujibanza!"

"Mzee, unarudisha maendeleo nyuma," fundi alilalamika.

"Maendeleo hayo yarudi kwenye paa la choo. Mama mkwe wangu amenyeshewa."

Kasi ikapungua, ila kupitana kukarudi, na watazamaji nao wakarudi.

Wakati huo biashara za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, na mitumba ikajaa sokoni Same. Nikajinunulia koti la nchi za theluji, limenishuka hadi kwenye vifundo vya miguu, linang'aa kama limepakwa mafuta. Kanuni hazikusema lolote kuhusu makoti. Niliamini upepo ungeteleza juu yake.

Shangazi yangu, aliyejiandikisha siku hiyo kwa sababu wasichana tulioshindana nao walimwambia hawezi, alinitazama juu hadi chini. "Umekuja kushindana au kuatamia mayai?"

Nilitangulia vizuri. Kisha koti likajaa upepo, likavimba, nikawa kama puto lenye kichwa. Walionifuata wakajificha nyuma yangu kwa raha zao, halafu wakaanza kuchomoka. Fundi akanipita. Wasichana wakanipita wakicheka. Shangazi naye akafika ubavuni.

"Shikamoo, shangazi!" nikasema, maana heshima haina mbio.

"Marahaba, mwanangu. Vua hilo koti!"

Nikavuta zipu, ikagoma. Toroli likasimama kabisa kabla ya daraja, na mzee mmoja aliyekuwa akienda mazoezi ya kwaya akanipita kwa miguu, akinipa pole. Nikamwamkia na yeye.

Shangazi alishinda. Fundi akataka makoti nayo yapigwe marufuku, lakini mwamuzi alikataa.

"Koti ni zuri. Kila atakayeshinda atalivaa mashindano yajayo, ili wengine nao wampate."

Shangazi hakubisha. Katikati ya juma alilipeleka kwa fundi, akamwambia koti linampwaya. Fundi, kwa kuipenda kazi yake, alilibana mabega, akalibana kiuno, akalikata urefu, likamkaa kama ngozi. Hakutambua alichokuwa ameshona hadi Jumamosi, shangazi alipompita kwenye kona, koti halitikisiki hata ukosi, naye fundi akapitiliza moja kwa moja hadi kwenye maharage.