Usingizi wa Ugenini

Fundi cherehani alifika ugenini akiwa hoi. Si safari iliyomchosha. Kwa miaka mingi alikuwa amemuuguza mama yake huku akishona sare za shule, mguu kwenye pedali, sikio chumbani kwa mgonjwa. Mama alipozikwa na waombolezaji kutawanyika, shoga yake wa tangu utotoni, aliyeolewa nje ya nchi, akampigia simu: "Njoo upumue. Kitanda kipo."

Sasa, shoga huyo hajui kupokea mgeni nusunusu. Leo makumbusho, kesho soko la vitambaa, keshokutwa ziwani. Fundi alimfuata kama mkia. Makumbushoni alisinzia kwenye benchi, mbele ya picha ambayo watu huvuka mabara kuja kuiona. Sokoni, yeye aliyeota hariri tangu ujana aliishika, akaiachia, akaomba mahali pa kukaa.

"Hivi umekuja kutembea au kulala?" shoga yake akamuuliza waliporudi jikoni. Ulikuwa utani, ila wenye mwiba.

Fundi akainamia kikombe chake. "Mwenzangu, hata sijui. Naona unavyohangaika kwa ajili yangu, lakini mwili umenigomea. Huyo wa ng'ambo ya ukuta akikohoa tu, naruka kitandani nikidhani mama ananiita."

Shoga akavuta kiti. "Mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi, na umenipokea hivi?"

Mkohozi huyo alikuwa jirani, mzee mstaafu aliyeendesha treni ya mjini maisha yake yote. Shoga akamsimulia habari za mgeni wake. Asubuhi iliyofuata alibisha hodi amevaa koti lake la kazi, akawaongoza hadi kituoni, wakapanda treni, akamketisha fundi dirishani. Akasema jambo kwa lugha yake.

"Anasema ulale," shoga akatafsiri. "Reli inaijua njia."

Fundi akalala fofofo, kichwa begani kwa shoga yake, mdomo wazi, huku madaraja na minara yote ya sifa ikipita bila kutazamwa. Aliamka mwisho wa reli, kwenye bustani za kabichi na kamba za nguo. Dada wa mzee aliishi hapo. Aliwatolea viti, akawamiminia chai, wala hakumdadisi mgeni. Fundi aliona pindo la pazia limefumuka. Vidole vikaanza kutafuta sindano. Akavirudisha mapajani, akaegemea kiti. Walikaa hivyo hadi jua likapoa, na kila siku iliyobaki akaomba wapelekwe kulekule.

Aliporudi nyumbani bado alikuwa amechoka, maana uchovu wa miaka hautoki kwa likizo moja. Lakini usiku alikuwa akilala. Majirani wakamzunguka wakitaka habari za minara. Akawaeleza bustani.

"Umepanda ndege kwenda kuona kabichi?" mmoja akauliza, akimhurumia.

"Kabichi nzuri sana," fundi akasema. "Na walinipa kiti."