Basilia na Kanda ya Rimberto

Hapa Oruro, mji wa wachimba madini nchini Bolivia, kanda ya video ikiharibika hupelekwa kwa Basilia Ticona. Kibanda changu cha uji wa mahindi ya zambarau kimeegemea ukuta wake, kwa hiyo wateja wake huanza kwangu, wanakunywa, wananisimulia shida zao zote, ndipo wanapiga hodi kwake.

Zamani alizunguka na mumewe wakirekodi harusi na ngoma za kanivali. Mume akafa, watu wakahamia kwenye simu, naye akabaki na mashine zake kuukuu na kazi ya kuhamishia kanda za watu kwenye kompyuta. Kubembeleza hajui. Picha ikipinda juu, atakuambia utepe umevutika kwa sababu uliuweka karibu na jiko. Ikijaa chenga, atakuambia ni ukungu, na kwamba ulikuwa na miaka yote hiyo ya kuitoa chini ya kitanda. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," husema. Nimemshauri angoje kwanza mteja alipe, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku chache kabla ya Sikukuu ya Wafu alikuja Mzee Zenón Chambi, mchimba madini mstaafu. Mwanawe Rimberto alifia mgodini, na huu ulikuwa mwaka wa tatu, mwaka ambao roho huandaliwa meza kwa mara ya mwisho kisha huagwa isirudi tena. Kwenye kanda yake Rimberto anacheza ngoma amevaa kinyago mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa pale anapokivua na kumgeukia baba yake. Picha nyingine walizokuwa nazo zilikuwa za utotoni. Mzee alitaka uso ule uwepo mezani roho ikifika, na uso wenyewe ndio uliokuwa hauonekani tena.

Basilia aliitia kanda mashineni. Ngoma ilionekana vizuri, rangi na tarumbeta zake, mpaka mkono wa Rimberto ulipogusa kinyago. Hapo kioo kikajaa chenga na mashine ikalia. Akasafisha vichwa vya mashine vinavyosoma utepe, akabadilisha mashine, ikawa yale yale. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye kanda. Alipofungua kasha kwa bisibisi alikuta kipande kifupi cha utepe kinanata, kinanuka bia, na kimegandwa na karatasi ya rangi ya kanivali.

Alinionyesha, na sikuhitaji maelezo. Jumanne ya kanivali sisi hunyunyizia bia kila tunachokipenda ili kibarikiwe: nyumba, gari, cherehani. Mzee alikuwa akiinyunyizia kanda. Na kwa kuwa kila mara aliisimamisha penye uso, ili aukute tayari, kipande hicho ndicho kilichokaa mdomoni mwa kasha na kulowa.

"Kapenda mpaka kaharibu," nikasema. Basilia hakucheka.

Aliuosha utepe kwa pamba na maji safi ya duka la dawa, taratibu, akauacha ukauke. Kisha akaupitisha mashineni tena na tena, kwa sababu mistari ya picha iliyopotea mara hii huenda ikatokea mara ijayo, akaiunganisha yote kwenye kompyuta. Paji la uso likarudi, kisha macho. Sauti, ambayo hupita ukingoni mwa utepe, ilikuwa salama: "Baba, nina kiu." Mdomo wenyewe ulikataa. Kompyuta ingeweza kuuchora, lakini alisema huo utakuwa mdomo wa kompyuta.

Nilimsihi amwambie mzee kwamba ni unyevu tu. Aliniitikia, jambo lililonishangaza; kumbe hata yeye alimhurumia.

Mzee alipokuja alisimama mbele ya kioo, kofia mkononi. Aliyaona macho ya mwanawe, akayasikia maneno yale, akalia bila kujificha. Kisha akauliza ni nini kimeula mdomo.

Basilia alinitazama, halafu akamgeukia. "Ni bia, mzee wangu. Ya kanivali. Iliingia hapo hapo."

Nasema kweli, nilimchukia Basilia saa ile.

Kisha mzee akanyoosha kidole, akagusa kioo pale palipokuwa na chenga.

"Tangu afe nampa kila mwaka," alisema. "Wenzangu wananicheka, eti namwaga bia bure, maiti hanywi. Kumbe ilimfika mdomoni."